Uso wa Karani kwenye Mwili wa Askari

Mbele ya boma la Njombe walisimamisha askari wa saruji. Ameshika bunduki, ameinua kidevu, anatazama barabara ya Makambako. Wageni waliopita pale walisimama wakavua kofia. Sisi tuliorudi kutoka Burma hatukuvua. Mwili wa yule askari ni wangu mimi, maana nilisimamishwa juu ya kasha wiki mbili nzima ili fundi auige. Uso ni wa Karani, mtu ambaye katika vita vile vyote hakufika mbali kuliko Makambako, na huko nako alikwenda amekaa mbele na dereva, blanketi magotini.

Nitamwita Karani kwa sababu hatukumwita vinginevyo. Jina alikuwa nalo, lakini kwa mtu aliyechezea majina ya wenzake kama yeye, naona si vibaya la kwake likae bila kutajwa. Alizaliwa wapi na baba yake alikuwa nani, hayo waulizwe wengine. Mimi nilimjua bomani, na huko kulinitosha.

Ofisi yake ilikuwa chumba cha kwanza mkono wa kushoto. Njombe ni baridi. Mwezi wa Juni na wa Julai umande unaganda juu ya majani, na watu wanatembea wamejikunyata ndani ya mablanketi. Karani aliweka jiko la mkaa chini ya meza yake, katikati ya miguu, na dirisha la kuhudumia watu akaliacha wazi upana wa kiganja tu, joto lisitoroke. Sisi tulipanga foleni nje kwenye manyunyu. Ukifika dirishani hukuona mtu. Uliona mkono na kalamu, ukasikia sauti ikiuliza, "Jina?" Ukijibu kwa Kibena, mkono ule uliiweka kalamu chini polepole, ukangoja mpaka ukumbuke Kiswahili. Yeye alidai Kibena hakijui. Siku moja kaa la moto liliruka jikoni likamwingia kwenye kiatu, na foleni nzima ikamsikia akimwita mama yake kwa Kibena kisichokuwa na doa.

Mfukoni mwa koti alichomeka kalamu tatu. Moja tu ndiyo iliyokuwa na wino. Kanisani alikaa benchi la mbele na alikuwa wa kwanza kukemea ulanzi, ile pombe ya mianzi, na kila mgema wa Njombe alijua njia ya kupitisha kibuyu mlango wa nyuma wa nyumba yake. Msemo wake ulikuwa mmoja: "Kilichoandikwa kimeandikwa." Aliutumia kwa kodi, kwa kesi za mipaka, kwa mtoto aliyeandikiwa umri usio wake. Mwinjilisti mmoja alimkumbusha kwamba maneno hayo aliyasema Pilato. Karani akamjibu kwamba Pilato alikuwa mtu wa serikali.

Sitaki kusema uongo juu yake; uongo alijisemea wa kutosha mwenyewe. Mwandiko wake ulikuwa mzuri. Watu walihifadhi vibali vya kufuga mbwa miaka mingi baada ya mbwa kufa, kwa sababu ya mwandiko tu. Na kwenye misiba alilia. Alilia machozi ya kweli, hata kwa mtu aliyemsimamisha kwenye mvua wiki iliyotangulia. Mama yangu mzee, aliyekuwa na ulimi mkali, alisema Karani ni mtu anayewapenda watu wakishakufa, kwa sababu hawarudi tena dirishani.

Vita vilipoanza, yeye ndiye aliyetuandikisha. Tuliambiwa tukusanyike Makambako, kwenye njia panda, ambapo malori yalitungoja. Walikuja Wabena wa Njombe, Wakinga kutoka Bulongwa na kwingineko, Wapangwa kutoka upande wa Mlangali. Wengine walisindikizwa na mama zao. Karani aliketi mezani chini ya turubai. Mbele yake lilikuwa daftari kubwa, na kila kijana alitaja jina, akaweka dole gumba, akapanda lori.

Mimi nilikuwa wa nne kutoka kwa kijana mmoja wa Kipangwa, mrefu, mwenye meno ya mbele yaliyoachana. Nyuma yake alisimama mama yake, ameshika kifurushi cha chakula.

"Jina?"

"Mgaya."

"Mgaya nani?"

"Mgaya wa Mlangali."

Karani alikagua ukurasa. "Mgaya ninao wawili tayari hapa. Nikiandika wa tatu, mshahara utakwenda kwa nani? Umebatizwa?"

"Bado."

"Basi wewe ni Musa." Akatazama kushoto, akatazama kulia, kama mtu anayetafuta kitu alichokidondosha. Akaona njia panda na malori. "Musa Makambako. Weka dole."

Kijana aliweka dole. Mama yake akauliza mwanawe ameambiwa nini, na hakuna aliyemjibu. Siku ile Karani aliwabatiza hivyo watu watatu, kila mmoja wa kijiji chake: Petro Makambako, Yohana Makambako, na huyu Musa. Huko jeshini maofisa walidhani ni ndugu wa tumbo moja. Wakawaweka hema moja.

Nilikuja kuwa koplo, na Musa alikuwa chini yangu. Siku moja nilimuuliza, "Wewe kwenu Makambako sehemu gani?"

Alicheka. "Afande, mimi Makambako nilikaa nusu siku tu. Kwetu Mlangali. Naitwa Mgaya."

Tangu siku hiyo nilimwita Mgaya tukiwa wawili, na Musa mbele za watu.

Alikufa msimu wa mvua, mvua ambazo mtu wa nyanda zetu hawezi kuziamini. Risasi ilimpata tumboni, nikambeba mgongoni kuvuka kijito. Maji yalinifika kiunoni. Asubuhi ile alikuwa amepata soksi kavu, za kwanza baada ya siku nyingi, na njia nzima ya kuvuka alikuwa akininong'oneza sikioni, "Koplo, soksi zangu. Koplo, taratibu, soksi zangu." Akainua miguu, akaikunja mbavuni mwangu, ili isiguse maji. Nilipomlaza ng'ambo alikuwa amekwisha kukata roho, na soksi zake zilikuwa kavu. Kidogo baada ya kumzika nami nikapigwa pajani. Nikarudi nyumbani na mguu unaovuta.

Niliporudi hakuna aliyeniuliza kitu. Mke wangu aliogopa kuuliza. Wazee waliniuliza kama ni kweli Wahindi ni wengi kule. Kanisani niliombewa, basi. Nikapata kazi kwenye stoo ya idara ya barabara, nikihesabu sururu na makoleo, na kila asubuhi nilipita mbele ya dirisha lile la upana wa kiganja.

Ndipo ikaja habari ya sanamu. Bwana Shauri wa wakati ule, Mzungu aliyesimamia wilaya, alitaka wilaya iwe na ukumbusho wa askari wake, na akamkabidhi Karani shughuli yote. Tangu siku ile Karani alibadilisha mwendo. Saruji ilitoka stoo kwetu, na alikuja mwenyewe kuipokea, akaipapasa mifuko kama mtu anayenunua ng'ombe. Fundi aliitwa kutoka Bulongwa. Alikuwa Mkinga mpole, mwashi, aliyekuwa amechonga mimbari ya kanisa na kujenga ngazi zake. Askari alikuwa hajawahi kumchonga. Akaomba apewe mtu wa kutazama, na kwa kuwa mimi bado nilikuwa na sare na viatu, nikaitwa mimi.

Nilisimama juu ya kasha uani mwa boma, kila siku tangu saa mbili asubuhi mpaka jua lilipokuwa kali. Mguu ulitetemeka. Fundi alikuwa mtu wa kweli. Alitengeneza kwanza mfano wa udongo, na katika mfano ule askari aliegemea bunduki yake kidogo, kama nilivyokuwa nimeegemea mimi. Karani alikuja akauzunguka.

"Huyu amefanya nini mguuni?"

"Ndivyo alivyo, Bwana Karani," fundi alisema.

"Serikali haisimamishi kilema. Nyoosha."

Fundi akanyoosha. Siku ya pili yake Karani alirudi, akautazama uso. Ulikuwa uso wangu, na niseme ulifanana sana, hata mke wangu alipouona alifunika mdomo.

"Uso huu una huzuni," Karani alisema. "Tena ni uso wa mtu asiyesoma. Watoto wa shule wataujia hapa. Wajifunze nini?" Akavuta kiti, akaketi mbele ya fundi, akainua kidevu. Hakusema nichonge mimi. Aliketi tu, kimya, mpaka yule Mkinga akaelewa. Fundi alinitazama kwa aibu, akachovya mikono majini, akanifuta.

Nyumbani niliwaambia watu na tukacheka. Lakini kuna jambo moja sikulisema, na nalisema sasa kwa kuwa bila hilo picha yake haikamiliki. Katika wiki zile mbili, nikiwa juu ya kasha na yeye kwenye kiti, jiko lake la mkaa likiwa limeletwa uani, Karani aliniuliza habari za vita. Aliuliza kama mtu anayetaka kujua. Tulikula nini? Usiku tulilala juu ya nini? Mtu akipigwa risasi husema nini? Na alisikiliza. Hakukatiza, hakutazama saa. Yeye ndiye mtu wa kwanza katika Njombe nzima aliyeniuliza, nami nilikuwa nimejaa kama pipa chini ya mchirizi. Nikammiminia. Nikamweleza kijito, nikamweleza soksi. Nikamwambia na jina: "Yule uliyemwandika Musa Makambako alikuwa Mgaya wa Mlangali."

Machozi yalimlengalenga. Nilidhani nimemgusa.

Bamba la shaba lilipofika kutoka Iringa na majina ya waliokufa, nililisoma. Makambako watatu, wamefuatana. Nilikwenda dirishani.

"Bwana Karani, Mgaya hayumo."

"Mgaya yupi?"

"Unamjua. Nilikwambia habari zake uani."

Mkono uliiweka kalamu chini. "Koplo, nisikilize. Barua ya kifo cha Musa Makambako ililetwa hapa, nikaipeleka Makambako, ikarudi. Wameandika hajulikani. Nimeitunza kwenye faili."

"Ipeleke Mlangali."

"Mlangali hakuna Musa Makambako. Mlangali kuna Mgaya, na Mgaya hakuandikishwa. Kama hakuandikishwa hakwenda, na kama hakwenda hakufa." Mkono ukaichukua tena kalamu. "Kilichoandikwa kimeandikwa."

"Mama yake anangoja."

"Wanaongoja ni wengi," alisema, na dirisha likafungwa hata ule upana wa kiganja.

Siku ya kuzindua, tarumbeta ilipigwa. Sanamu ilikuwa imefunikwa bendera. Sisi tuliorudi tulipangwa mstari, nishani vifuani. Wazazi wa wale ambao hawakurudi walikuwa wameitwa na matarishi, na wengi walikuja kwa miguu. Mama yake Mgaya alikuwa mmoja wao. Alitembea siku nne kutoka Mlangali kwa fimbo, kwa kuwa aliambiwa serikali itataja habari za vijana. Nilimtambua kwa meno. Yalikuwa yameachana vilevile.

Bwana Shauri alisema maneno yake, Karani akayageuza kwa Kiswahili, marefu kuliko yalivyotoka. Bendera ikavutwa.

Halafu katika mstari wetu mtu alikohoa, na mwingine akakohoa, na nikajua wanabana kicheko. Kila mtu wa Njombe alimwona Karani mara mbili: mmoja wa nyama kando ya Bwana Shauri, mmoja wa saruji juu ya jiwe, videvu viwili vimeinuliwa. Hakuna aliyethubutu kusema.

Yule mama alisogea. Alitembea mpaka kwenye sanamu, akaishika mguu, akainua macho, akatazama sana. Kisha akageuka, akasema kwa Kipangwa, kwa sauti ya mtu anayeuliza njia:

"Huyu ndiye aliyemwandika mwanangu mezani. Sasa mwanangu mwenyewe yuko wapi?"

Kibena na Kipangwa ni ndugu. Nusu ya uwanja ilielewa. Bwana Shauri hakuelewa. Akamwinamia Karani. "Mama anasema nini?"

Karani alikuwa amebadilika rangi. Lakini ulimi wake ulikuwa mahali pake. Alisema kwanza Kiingereza, kisha kwa ajili yetu akasema Kiswahili: "Mama anaishukuru serikali. Anasema amemwona mwanawe katika sanamu hii, na moyo wake umetulia."

Bwana Shauri alishikwa na huruma. Akampa mama mkono. Mama aliutazama ule mkono, akaushika, kwa kuwa alilelewa vizuri, na akaendelea kungoja jibu. Tarumbeta ikapigwa tena.

Nilikuwa hatua sita kutoka pale. Nilikuwa nimesimama wima kama nilivyofundishwa, mikono mapajani, na sikufungua mdomo. Nimemdharau Karani kwa mengi, lakini siku ile na mimi nilistahili fungu la dharau hiyo.

Watu walipotawanyika nilimfuata mama. Nilimkuta nyuma ya boma, ameketi kwenye majani, anakula mahindi ya kukaanga.

"Kamwene, mama."

"Kamwene, mwanangu."

"Mama, Mgaya alikufa. Kule vitani walimwita jina lingine, ndiyo maana hukuletewa habari. Nilikuwa naye."

Aliacha kutafuna. Hakulia. Alikunja kitambaa cha mahindi, akakifunga fundo, akakifunga na la pili.

"Alikufaje?"

Nilikuwa nimemweleza Karani yote, neno kwa neno, mbele ya jiko la mkaa. Mbele ya mama huyu nilipata neno moja tu. Nikasema, "Vizuri."

"Hakuna anayekufa vizuri, mwanangu," alisema. "Leo umechoka, na mimi nimechoka. Utakuja kwangu unieleze. Utakuja?"

"Nitakuja baada ya mavuno."

Akaondoka siku ileile, anyolewe na kukaa matanga kama inavyostahili.

Sikwenda. Baada ya mavuno yale mguu ulivimba. Mavuno yaliyofuata palikuwa na msiba kwetu. Mwaka wa tatu sikuwa na sababu, na mtu asiye na sababu hana pa kuanzia. Nikaacha.

Karani kwa upande wake hakuacha kitu. Miaka ilikwenda, wageni wakaongezeka Njombe: walimu wapya, madereva, makarani vijana. Hawa waliona sanamu, wakamwona mtu mwenye uso ule anatembea mjini, wakajumlisha. Mwanzoni aliposalimiwa "Shikamoo, Afande" alitabasamu tu. Baadaye aliitikia. Baadaye tena akaanza kusimulia. Mwishowe akaanza kuvuta mguu. Ndiyo, ule mguu wangu alioukataa kwenye saruji aliuvaa yeye mwenyewe, akauvuta barabarani kila Jumapili kwenda kanisani, wa kushoto wiki moja, wa kulia wiki nyingine. Sisi tuliokuwa vitani tulikuwa na mchezo klabuni kwenye ulanzi, wa kubahatisha Jumapili hii ataumia mguu upi. Wala hatukumfichua. Ungemfichua kwa nani? Mashahidi wetu wengi walikuwa kwenye bamba la shaba, nao majina yao ameyaandika yeye.

Alistaafu akahamia Makambako, na nikafurahi kutomwona.

Mara ya mwisho tulikutana huko. Ilikuwa wakati watu walipoanza kuzungumza uhuru waziwazi, hata ndani ya malori. Nilikuwa natoka Iringa kutazamwa mguu, na lori letu lilisimama Makambako mchana kupakia chumvi. Niliingia kwenye hoteli moja ya chai. Karani alikuwa ndani, amezeeka, ameketi na madereva wawili na mwalimu kijana. Kifuani alikuwa na nishani. Aliipata wapi sijui. Zilikuwepo za wajane waliouza. Miguuni pake palikuwa na gunia dogo.

Hakuniona. Nami niliketi nyuma yake, nikaagiza chai, nikasikia hadithi yangu.

Aliieleza vizuri kuliko mimi. Kijito, mvua, maji kiunoni, uzito mgongoni. "Ananiambia sikioni, Koplo, soksi zangu. Koplo, taratibu." Mwalimu alikuwa ameshika kikombe bila kunywa. Dereva mmoja alifuta macho kwa kofia.

Nikasema kutoka nyuma, "Na huyo uliyembeba, jina lake nani?"

Aligeuka. Nilingoja aseme Musa Makambako, nisimame, nimvue ile nishani mbele ya watu. Nilikuwa nimengoja miaka mingi.

"Mgaya," alisema. "Mgaya wa Mlangali."

Alilisema kama jina la mtu aliyemlea. Kisha akasimama, akawaomba radhi wale watu, akanishika mkono, akanitoa nje. Nilimwachia anitoe. Tulisimama kando ya lori.

"Kumbe jina unalijua," nilimwambia.

"Nililijua tangu mezani, Koplo. Ungeuliza mtu jina halafu usilisikie?" Alikuwa anahema. "Usiniseme mbele ya wale. Kunywa chai yako, mimi nitakwenda."

"Sina haja na wale. Mama yake ndiye uliyepaswa kumwambia."

"Nimemwambia."

"Lini?" niliuliza.

"Nilipostaafu nilichukua ile barua kwenye faili," alisema. "Ilikuwa inanisumbua. Nikakodi baiskeli, nikafika Mlangali, nikaulizia. Nilikwenda nimsomee barua, Koplo, naapa. Nilikwenda kama karani. Nilimkuta uani anachambua maharage kwa vidole. Macho yamekwisha, haoni kitu. Nikapiga hodi. Akasikia Kiswahili changu cha bomani, akaacha maharage. Akasema, 'Ni wewe? Yule askari aliyeahidi kuja baada ya mavuno?'"

Dereva wetu alikuwa anafunga turubai. Nilisikia kamba zinapita.

"Ukamwambia nini?"

"Nikasema ndiyo, mama."

Niliinua mkono nimpige. Yeye hakukwepa, alishusha kidevu kile, akangoja. Mkono ukabaki juu, kwa sababu sikujua ninampiga kwa lipi: kwa kusema ndiye yeye, au kwa kufika.

"Nilimweleza yote uliyonieleza," aliendelea, macho chini. "Sikupunguza, sikuongeza. Nilibadilisha mtu mmoja tu. Nilipofika kwenye soksi alicheka, Koplo. Alicheka mpaka akashika mbavu. Akasema Mgaya tangu mdogo alichukia kulowa miguu, kila kijito alidai abebwe, hata alipokuwa mkubwa kuliko anayembeba. Halafu ndipo akalia."

Hilo sikulijua. Nilimbeba yule kijana, nikamzika, nikakaa naye moyoni miaka yote ile, na hilo sikulijua. Nililipata kwa Karani, barabarani Makambako, kati ya magunia ya chumvi.

"Nitakwenda kwake," nilisema. "Nitakwenda kesho."

"Nenda. Lakini utamwambia nini?" Hakusema kwa ubaya. Alisema kwa sauti ileile ya dirishani, sauti ya mtu anayekueleza kwa nini ombi lako halitapita. "Atakuuliza wewe ni nani. Ukimwambia kweli, itambidi aanze upya kumtafuta mtu aliyekuwa na mwanawe. Ni mzee sana. Na mimi naenda kila mwaka. Kila baada ya mavuno, kama ulivyomwahidi."

Dereva alipiga honi. Karani alirudi ndani akichechemea, na safari hii sikujua kama anaigiza au ni uzee. Akatoka na lile gunia dogo. Akalifungua gunia mdomo, akachota maharage kwa kofia yake, akayamimina kwenye mfuko wangu wa safari bila kuniuliza. Yalikuwa mekundu, madogo, yamechambuliwa vizuri, hakuna jiwe hata moja.

"Hunipa kila nikienda," alisema. "Chukua. Kwa haki ni yako."

Nilipaswa kuyamwaga barabarani. Nilipanda lori nayo, mfuko magotini, mpaka Njombe.

Mke wangu aliyapika Jumapili. Aliyasifia, yanaiva upesi, yana mchuzi mzito. Akauliza yametoka wapi.

"Mlangali," nikamwambia. "Kwa mama wa rafiki yangu wa vitani."

"Hajambo huyo mama?"

"Hajambo," nilisema. "Macho tu ndiyo yamekwisha. Lakini anacheka vizuri." Nikaongeza mchuzi, nikaendelea kumweleza jinsi mama yule anavyochambua maharage kwa vidole, kama mtu niliyetoka uani kwake asubuhi ileile.